Ng'ombe wa Kuanua Tanga

Asubuhi ya siku ya kuanua tanga la baba, baba mdogo alimteremsha ng'ombe kutoka kwenye Fuso, akamfunga kwenye nguzo ya banda la kuku nyuma ya nyumba yetu Buzebazeba, kando ya ziwa, kisha akauliza nani ana jiwe la kunolea kisu. Nilikuwa uani naosha masinia. Swali lile lilinishtua. Mchinjaji wa nyumba yetu alijulikana tangu sijazaliwa, na hajawahi kutuomba jiwe.

Mchinjaji huyo ni jirani yetu mzee, tunayepakana naye ukuta. Ni Muislamu, mzaliwa wa Ujiji, na yeye na baba walikuwa marafiki tangu wote wawili wana nywele nyeusi. Kila Krismasi, kila ubatizo, kila kipaimara, baba alimwita aje achinje, kwa sababu nyumba yetu haijawahi kula nyama peke yake. Mtaa wetu nusu huamkia msikitini na nusu kanisani, na mnyama akichinjwa na sisi Wakristo, hiyo nusu nyingine itakuja kwenye sherehe yako, itakupongeza, itakunywa soda na kuondoka na njaa. Baba hakutaka mtu aondoke kwake na njaa. Na siku ya Idd sinia la pilau lilivuka kuja kwetu kabla hata wao wenyewe hawajaanza kula. Utaratibu huo hakuna aliyetufundisha, tuliukuta tu, kama tulivyolikuta ziwa.

Baba mdogo ni mdogo wake baba wa kufuatana. Analima kahawa Kalinzi, huko juu kwenye baridi. Aliokoka ukubwani baada ya miaka mingi ya ulevi na mambo mengine ambayo nyumbani hayazungumzwi, akaingia kanisa la wokovu, na tangu hapo akiomba unamsikia kutoka shamba la pili. Sisi ni watu wa kanisa la zamani, la kengele na kitabu cha nyimbo, naye hutuona kama watu waliolala. Mimi humwona kama mtu anayewapigia kelele waliokwisha kuamka. Lakini ng'ombe yule alikuwa wake, tena ndiye bora aliyekuwa naye, na alimtoa bila kuombwa kwa heshima ya kaka yake. Hilo lazima niliseme kabla sijasema mengine.

"Baba mdogo," nikamwambia, "mzee wa hapa jirani ndiye anachinja. Nimeshatuma aitwe."

"Mwite aje ale," akanijibu. "Kaka yangu alikuwa Mkristo. Ng'ombe huyu atachinjwa na Mkristo, kwa jina la Yesu. Mkono wa mtu mwingine haumgusi."

Hakusema kwa ukali. Aliongea tu kwa sauti yake ya siku zote, ambayo haijui kunong'ona. Na mzee alikuwa ameshafika kwenye pembe ya nyumba, amevaa kanzu yake ya kazi, kisu kimefungwa kwenye kitambaa, na nyuma yake mwanawe wa kwanza, mtu wa rika langu tuliyesoma naye shule ya msingi. Walisikia kila neno. Mzee alisimama kidogo, akamtazama ng'ombe, akanitazama mimi. "Poleni tena na msiba," akasema, akageuka kurudi kwake. Mwanawe hakugeuka. Alimkazia macho baba mdogo mpaka nikaona mishipa ya shingo, halafu naye akaondoka.

Muda mfupi baadaye wakaja wasichana wa nyumba ile kuchukua sufuria. Zile sufuria kubwa za shughuli ni zao, sisi huazima. Hawakusema neno baya. Waliamkia, wakamwaga maji tuliyokuwa tumeshabandika, wakainua sufuria moja baada ya nyingine na kutoka nazo kichwani. Nilielewa. Nyama ile ikipikwa mle, zisingerudi tena kwenye jiko lao. Nilibaki nimeshika sinia lenye povu, moto unawaka kwenye mafiga matupu, na watu wa mtaa watafika mchana.

Niliogopa, na sikuogopa kwa ajili ya chakula. Niliogopa kwa ajili ya mama.

Sisi watoto tungetawanyika wiki ile ile. Wadogo zangu wako Mwanza na Dodoma, na mimi niko mwaloni Kibirizi, wanakotua wavuvi, tangu alfajiri hadi jioni na dagaa zangu. Mama angebaki na ule ukuta. Mama ana kisukari, na mara mbili alipoanguka, aliyesikia kishindo ni mke wa yule mzee, na aliyetafuta gari ni yule yule mwanawe aliyeondoka na shingo imevimba. Wale ndio waliombeba baba begani mpaka makaburini wakipokezana na wazee wa kanisa. Kama siku ya kuanua tanga lake wangekaa kwetu bila kuonja kitu, mtaa mzima ungejua kuwa nyumba hizi mbili zimeachana, na kwetu watu wakishaachana kwa chakula cha msiba hawarudiani kirahisi. Mama angeishi hapo kama mgeni, uzeeni, bila baba.

Nikaingia ndani kumwangalia. Alikuwa kwenye godoro lililotandikwa chini, amejifunga kanga kichwani, na pembeni yake mke wa mzee, ambaye hakuwa amebanduka hapo tangu tulipozika. Tangu siku hiyo mama alikuwa hali kitu zaidi ya uji, na uji wenyewe alikubali kutoka kwa mkono wa mwenzake huyo tu. Dirishani alisimama yule mwanawe.

"Mama, twende nyumbani," alimwambia mama yake. "Tumeshaambiwa mikono yetu haifai."

Mke wa mzee alianza kujifunga ushungi. Mama alinyoosha mkono akamshika mwenzake kiwiko, akaning'inia hapo, macho yapo ukutani. Yule mama mwingine akabaki amekaa nusu, hajasimama wala hajakaa, mwanawe dirishani anangoja. Nilitoka upesi kwa sababu nisingeweza kuendelea kuangalia.

Nilimfuata mzee wetu wa kanisa, ambaye alikuwa ameshawahi kiti cha mbele chini ya turubai. Nilimweleza. Alikuna kidevu, akasema jambo hilo ni nyeti, akasema tuliombee, halafu akashauri kwamba tutafute mbuzi, mzee jirani amchinje, apikwe kwenye sufuria yake, na ng'ombe apikwe kwenye yetu. Kila mtu ale kwa amani.

Ulikuwa ushauri wa busara na niliuchukia papo hapo. Sufuria mbili ni mikeka miwili. Mtaa wetu haukuwa na mikeka miwili, na nilijua kwamba wa pili ukishatandikwa mara moja hapatatokea mtu wa kuukunja. Halafu mama angekaa mkeka gani?

Niliomba, nikiwa nimesimama kati ya choo na banda la kuku, mahali ambapo hakuna mtu wa kuniuliza nafanya nini. Sikuomba kwa upole. Nilimuuliza Mungu kwa nini wanaolitaja sana jina lake ndio wanaonipa kazi ya kufuta machozi ya watu. Ng'ombe alikuwa anakojoa.

Basi nikaenda kwa baba mdogo. Alikuwa amechuchumaa karibu na mnyama wake, kisu amekilaza kwenye goti, jiwe ameshalipata. Nilijiandaa kugombana naye, na nilikuwa na maneno ya kutosha.

"Baba mdogo, unajua unamfanyia nini mama?"

"Kaa," akasema.

Nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Unadhani namchukia yule mzee," akasema. "Yule mzee amemlisha kaka yangu kuliko nilivyomlisha mimi. Sisemi kisu chake ni kibaya. Mwanangu, mimi nilipokuwa kwenye yale mambo yangu, nilipelekwa kwa mtu, akachinja juu ya kichwa changu, akasema maneno juu ya damu. Si mara moja. Niliamini kila neno, na nilifanya niliyoambiwa nifanye. Siku nilipookoka niliapa mbele za Mungu kwamba sitakula tena mnyama aliyesemewa maneno nisiyoyajua. Yule mzee anamwita Mungu, najua. Kichwa kinajua. Mwili wangu haujui. Nikila nitatapika, na nikitapika nitarudi kule nilikotoka. Sina nguvu hizo unazodhani ninazo."

Nilikuwa nimemjua mtu huyu maisha yangu yote na sikujua haya. Hasira yangu ikakosa pa kukaa, na hilo lilinikera zaidi, maana hasira ningejua la kuifanyia. Sasa nilikuwa na watu wawili waaminifu, kila mmoja anamwogopa Mungu kwa dhati, na ng'ombe mmoja katikati yao.

"Na ng'ombe akibaki amefungwa?" nikauliza.

"Abaki tu? Watu watakula nini?"

"Dagaa."

Alinitazama kama niliyetukana maiti.

Yalikuwa matusi kweli, kwa namna fulani. Mtu mzima wa heshima, mwenye wajukuu, hafungiwi msiba kwa dagaa. Dagaa ni chakula cha Jumanne. Laiti ningepata hata samaki wa heshima, kuhe au migebuka mibichi, aibu ingepungua, lakini mbalamwezi ilikuwa imeshika anga na mitumbwi yote imelala mchangani, kwa sababu kwenye mwanga wa mwezi taa za wavuvi hazivuti samaki. Mwaloni kote hapakuwa na kitu kibichi. Nilichokuwa nacho ni magunia yangu mwenyewe ya dagaa wakavu, yaliyokuwa yanamsubiri mteja wa Tabora. Na samaki, kwa Muislamu na kwa Mkristo, kwa aliyeokoka na kwa aliyelala, hachinjwi na mtu wala hasemewi neno. Baba mdogo alikunja uso, lakini kisu akakiweka chini.

Ndugu wa ukoo walipopata habari walikuja juu. Walisema nimemshusha baba. Walisema Kalinzi nzima itacheka. Nikawajibu kwamba Yesu alilisha maelfu kwa samaki na haikuandikwa popote kwamba mtu alinuna. Hawakuridhika, na wako ambao hawajaridhika mpaka leo. Nilimtuma mpwa wangu na bodaboda akalete magunia, nikajifunga kanga kiunoni vizuri, nikaenda kwa jirani.

Mzee alikuwa amekaa barazani kwake, kisu bado kimefungwa kwenye kitambaa pembeni ya mguu wake. Mwanawe alikuwa mlangoni, amekunja mikono.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu. Kaa."

"Sikai. Nimekuja kuomba radhi kwa maneno mliyosikia. Yamesemwa kwetu, ni yetu."

"Aliyeyasema yuko wapi?" akauliza mwanawe.

"Amekaa na ng'ombe wake," nikamjibu. "Hachinjwi tena. Tunapika dagaa."

Mzee aliinua uso. "Dagaa? Leo?"

"Leo."

"Baba yako angenuna siku nzima," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba niliona midomo yake ikilegea. Kisha akawa mzito tena. "Mimi sikuondoka kwa hasira. Nilifundishwa kwamba mnyama hachinjwi watu wakigombana juu yake. Nitakuja kukaa na wenzangu. Lakini tonge sikuahidi. Wanangu wamesikia walichosikia, na mimi ni baba yao."

Kuja bila kula. Hicho ndicho nilichokuwa nakikimbia. Nilitaka kumsihi, nikaona mwanawe ananitazama, nikameza maneno. Niliposhuka kibarazani nikakutana na wasichana wale wale wamebeba sufuria, wanarudi kwetu. Mama yao alikuwa amepiga kelele kupitia dirishani kwetu, bila kunyanyuka godoroni, kwamba sufuria ni zake, alinunua yeye, na samaki hajawahi kuharibu sufuria ya mtu. Kumbe alikuwa bado hajaondoka.

Tulipika. Tuliwakaanga dagaa kwa mawese mapya, vitunguu, nyanya na pilipili nzima ya kuelea, tukasonga ugali wa muhogo mpaka mabega yakauma. Ng'ombe alilia muda wote. Alikuwa amezoea baridi ya mlimani na joto la chini lilikuwa linamtesa, na kila alipolia, watu chini ya turubai waliinua macho kuelekea nyuma ya nyumba, kisha wakayashusha kwenye yale masinia niliyokuwa nawapangia. Sijawahi kuona aibu kama ile. Nilitembea na sinia kichwani nimenyoosha shingo, nikijiambia kimoyomoyo kwamba baba yuko mahali ambapo hawajali tena nyama.

Wazee walikaa mkeka mmoja kulizunguka sinia moja. Mzee alikuja kama alivyosema, akavua viatu, akakaa. Baba mdogo alikuja mwishoni. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja, ya kukabiliana na mzee uso kwa uso, na akakaa hapo hapo. Aliombwa abariki chakula kwa kuwa ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki.

Nilisimama na birika la maji ya kunawa. Nikajua ataomba ile sala yake ndefu, na humo ndani atasema kitu. Mwana wa mzee alisimama nyuma ya baba yake, hakutaka kukaa. Baba mdogo akafumba macho. Akaanza, "Bwana Yesu," akamshukuru kwa uhai, akamshukuru kwa kaka yake, na alipolitaja jina la baba sauti ile kubwa ikakatika. Haikurudi. Alibaki hapo, mdomo wazi, machozi yanaingia kwenye ndevu, na hakuna aliyejua kama sala imekwisha. Hakuna aliyesema amina. Ugali ulikuwa unapoa.

Ndipo mzee alipokunja mkono wa kanzu. Akakata ugali, akaufinyanga taratibu, akauchovya kwenye mawese, akaokota dagaa wawili juu yake. Nilidhani anakula. Nilianza kushukuru. Lakini hakuupeleka kinywani kwake. Aliunyoosha juu ya sinia mpaka mbele ya uso wa baba mdogo.

"Mfiwa hajilishi," akasema. "Kula, mdogo wangu."

Mwanawe alivuta pumzi kwa sauti. Baba mdogo alifumbua macho akauona ule mkono. Ndio ule alioukataa asubuhi. Aliutazama muda ambao kwangu ulikuwa mrefu mno, nami birika likanilemea nikashindwa kulitua. Nilimwona akitafuta, usoni kwake, kama kuna kiapo alichoapa juu ya tonge la namna hii. Kisha akafumba macho tena, kama mtoto anayepewa kwinini, akafungua kinywa.

Alitafuna polepole sana. Akameza. Hakutapika.

Mzee akakata tonge lake mwenyewe akala. Baada ya hapo mikono ikaingia sinia lile kutoka kila upande, na yule mwana aliyesimama akatafuta pa kukaa, akakosa, akachuchumaa, akala amechuchumaa.

Sidai kwamba walikubaliana. Jioni hiyo baba mdogo alimpandisha ng'ombe wake kwenye gari akarudi naye Kalinzi, amekasirika bado kwa habari ya dagaa, na msimamo wake juu ya kuchinja haujabadilika. Akinipigia simu tunaulizana habari za kahawa. Lakini kila akishuka mjini huanzia kwa mzee kabla hajafika kwetu, na mke wa mzee humwekea samaki.

Nilijaza sinia la mwisho nikalipeleka ndani. Mama alikuwa bado ameshika kile kiwiko. Sijui kama alikuwa amekiachia hata kidogo tangu asubuhi, maana mke wa mzee alikuwa na alama nyekundu pale.

"Wamekula?" mama akaniuliza. Sauti ilikuwa imekauka kwa kutotumika.

"Wamekula."

"Wote?"

"Wote, mama. Mkeka mmoja."

Akaachia. Akainuka akakaa, akavuta sinia karibu, akanawa. Alikula tonge la kwanza, mwenzake akimtazama, mimi nikimtazama. Alipofika la pili akasimamisha taya, akatoa kitu kwenye ncha ya ulimi, akakiangalia kwenye kidole.

"Dagaa wako wana mchanga," akaniambia. "Siku hizi unaanika chini?"

"Wana mchanga kweli," akasema mke wa mzee, akikata tonge lake. "Kula tu."

Nikatoka nje, nikaenda pale kati ya choo na banda la kuku, nikalia mpaka nikachoka.